Mwongozo kwa Anayekwenda Kuulizia Chanjo Machimboni Rwamgasa

Ukipangiwa kazi ya kudodosa habari za chanjo Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Geita, utakabidhiwa kishikwambi, fomu za ridhaa, dodoso refu na orodha ya kaya kutoka ofisi ya mtendaji wa kijiji. Vyote vina kazi yake. Ila hiyo orodha ya kaya nakuomba usiiamini mapema. Tafiti nyingi za chanjo hutafuta kujua kwa nini mama hampeleki mtoto kliniki. Machimboni swali hilo huja la pili. La kwanza ni hili: mtoto gani hayumo kwenye daftari la mtu yeyote, si la kitongoji, si la zahanati, si la shule? Ukiliruka utarudi mjini na takwimu zinazopendeza, na surua itapita palepale ambapo hukufika.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Geita ilifanywa mkoa, iliwakuta watu 1,739,530. Sensa ya 2022 iliwakuta 2,977,608. Wengine wamezaliwa hapohapo, wengine wameifuata dhahabu, na walioifuata dhahabu hawatulii. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likianza kutoa mawe mazuri, mabanda ya turubai huota kwa siku chache. Likijaa maji au mawe yakikosa rangi, wenyewe wameshahamia Nyarugusu, au wamevuka kwenda upande wa Kahama, au wamerudi kwao kulima mpunga mvua zinapoanza. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, kwenye zahanati moja anatakiwa kupata ya tatu wiki nane baadaye, na wiki nane machimboni ni muda mrefu.

Sasa angalia hesabu ya zahanati inavyofanywa. Juu, yaani kiasi, ni idadi ya watoto waliochomwa. Chini, yaani asili, ni idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo kutokana na sensa. Tuseme makadirio ni watoto 300 kwa mwaka, na wamechomwa 330. Ripoti itasema asilimia 110, na mkutano utapiga makofi. Kumbe waliokuwepo kweli, ukijumlisha wa kwenye mabanda, ni 500, na watoto 170 hawajaguswa. Namba hizi nimezitunga ili uione hesabu, lakini ukikuta kituo chochote cha eneo la uchimbaji kimevuka asilimia 100, anza kazi yako hapo. Usikipongeze bado.

Kwa surua hesabu hii haina msamaha. Mgonjwa mmoja, katika watu wasio na kinga, huweza kuambukiza wengine 12 hadi 18. Dozi ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100, ndiyo maana ipo ya miezi 18. Ili ugonjwa ukose njia, jamii inahitaji watoto kama 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Banda moja lenye watoto kumi wasiochanjwa, kando ya kijiji kilichochanjwa vizuri, linatosha kuanzisha mlipuko.

Kabla ya kukanyaga

Vibali vina ngazi zake na usiruke hata moja: kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, barua ya mkoa, ya mkurugenzi wa halmashauri, ya Mganga Mkuu wa wilaya, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Machimboni kuna ngazi nyingine ambayo barua yako haiitaji: mwenye leseni, mwenye duara, msimamizi wa zamu, mwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe. Hawa ndio wanaoamua kama mfanyakazi anaweza kusimama dakika ishirini kuongea nawe. Nenda kwao mwenyewe, bila kusubiri mtendaji akupeleke, na uwaeleze kwa Kiswahili cha kawaida unatafuta nini. Wengi wataogopa kwamba umetumwa na watu wa kodi au wa mazingira. Usicheke hofu hiyo. Waonyeshe dodoso lenyewe, waone kwamba hakuna swali la gramu wala la zebaki.

Na ujue kwamba hutakuwa wa kwanza. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, watu 180 wa Rwamgasa walitoa damu, mkojo na nywele, na wengine 31 wa Katoro wakatumika kulinganisha. Wenye umri mkubwa kijijini huenda wakakumbuka. Waulize wanachokumbuka kabla hujaomba chochote: walielezwa nini, majibu yaliwafikia vipi. Usiitetee wala kuilaumu kazi ya wenzako. Sikiliza tu, kwa sababu jinsi utafiti uliopita ulivyoaga ndivyo wako utakavyokaribishwa.

Kanda hii ya Ziwa imeisaidia dunia mno kwa damu na muda wa watu wake, na mtafiti anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua mdomo. Kati ya 1991 na 1994, katika jumuiya 12 za Mwanza ya wakati ule, mkoa ambao Geita ilikuwa wilaya yake, ilipimwa kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Yalipungua kwa karibu asilimia 40, na matokeo yakachapishwa 1995. Miaka mingi baadaye, wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa DoRIS kupima kama dozi moja ya chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, inajenga kinga ya kutosha. Miaka miwili baada ya kuchomwa dozi moja, zaidi ya 97 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili dhidi ya aina 16 ya kirusi hicho, na kwa aina 18 matokeo yalikaribia hayo. Utafiti huo ni miongoni mwa ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania yenyewe ikaingia kwenye dozi moja 2024. Mweleze mzazi wa Rwamgasa habari hii. Anastahili kujua kwamba binti wa nchi jirani anachomwa mara moja badala ya mara mbili au tatu kwa sababu mabinti wa hapa Kanda ya Ziwa walikubali kupimwa.

Tembea kwanza, hesabu baadaye

Siku za mwanzo usiulize swali hata moja la dodoso. Tembea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mchore ramani yenu. Anza na mama lishe, kwa sababu ndiye anayejua vinywa vingapi vimeongezeka mwezi huu na duara gani limeanza kula watu wengi. Nenda kwa vijana wa bodaboda, uwaulize wanapeleka abiria kambi zipi zisizo na jina. Nenda duka la dawa muhimu: mama wa kambini mtoto wake akichemka hufika hapo kabla ya zahanati. Pita kwenye nyumba za wageni, maana zipo familia zinazoishi chumba kimoja cha gesti kwa miezi na hakuna kitongoji kinachowahesabu. Kila banda lenye moto wa kupikia lipewe namba kwenye ramani, liwe la nguzo na turubai au la matofali. Hapo ndipo upate orodha ya kuchagulia sampuli. Ukichagua kutoka orodha ya mtendaji peke yake, umeshawaacha nje wale uliowafuata.

Saa nazo zina siri. Ukibisha hodi saa nne asubuhi utamkuta bibi na watoto watatu, na bibi hajui kadi iko wapi. Mama yuko kwenye karasha au anaponda mawe, au yuko mwaloni anaosha mchanga. Baba yuko chini, au amelala kwa sababu alikuwa zamu ya usiku. Nenda alfajiri kabla hawajatoka, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Siku ya mnada sahau kabisa kaya, ila unaweza kutumia mnada huohuo kutangaza kwamba mpo na mnafanya nini.

Tuseme umemkuta mama huyo kazini. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyundo mkononi, mawe mbele yake kwenye kipande cha turubai, mtoto mgongoni amefunikwa khanga hadi kichwani kwa ajili ya vumbi. Usisimame juu yake na kishikwambi. Chuchumaa. Kama ni mtu mzima na wewe ni kijana, shikamoo yako itangulie. Mama wa Kisukuma ukimwambia "Mwangaluka, mayu" asubuhi, ameshajua kwamba umejisumbua kumjua. Mpe pole na kazi. Kisha sema: "Naomba nikuulize habari za chanjo za mtoto. Ukiona haifai, kataa tu, hakuna atakayekuuliza. Kama ni baadaye, niambie saa." Akisema baadaye, ondoka, na urudi saa aliyosema. Anayelipwa kwa kiroba hawezi kupewa fidia ya dakika thelathini kwa maneno matamu. Fidia ya muda iwe imepangwa na kamati ya maadili, na iwe sawa kwa wote.

Kadi, kovu na kumbukumbu

Kadi ya kliniki ni shahidi bora kuliko mtu yeyote. Mara nyingi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha kura, imelowa pembeni, wino umesambaa. Ipige picha kama ridhaa inaruhusu, kisha soma tarehe, usisome alama za vyema peke yake. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya kwanza ya polio ni za kuzaliwa. Penta, polio na chanjo ya nimonia ni wiki ya 6, 10 na 14. Rota ni ya 6 na 10. Polio ya sindano ipo wiki ya 14. Surua-rubela ni miezi 9 na 18. Ukiona Penta ya pili imeandikwa wiki mbili baada ya ya kwanza, kuna kosa la kuandika au la kuchoma, na yote mawili ni habari. Ukiona mihuri ya vituo vitatu tofauti, umepata safari ya familia hiyo bila kuwauliza.

Kadi isipokuwepo, usiulize "Je, mtoto amekamilisha chanjo?" Kila mzazi mwema atasema ndiyo. Uliza kwa mwili: alichomwa pajani? mara ngapi? mkononi je, na alikuwa ameshaanza kusimama au bado? matone ya mdomoni yalikuwa mawili au dawa nyingi ya kumeza? Kovu la BCG litafute begani kwa macho yako. Kisha uliza kando kuhusu kampeni, kama ile ya surua-rubela ya Februari 2024. Chanjo ya kampeni mama huikumbuka kwa sababu watu walikuja mlangoni na kumpaka mtoto wino kidoleni, lakini mara nyingi haiandikwi kwenye kadi. Ukizichanganya na za kliniki utaharibu hesabu zote mbili.

Ukishakuwa na tarehe, fanya hesabu ndogo inayosema mengi. Waliopata Penta ya kwanza toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza. Kama 200 walianza na 150 wakamaliza, umepoteza asilimia 25. Wataalamu huanza kushtuka ikivuka 10. Lakini kama hata ya kwanza ni wachache waliopata, tatizo lenyewe ni huduma kutowafikia, na mahubiri ya kuhamasisha akina mama hayatalitibu.

Aliyekataa na aliyerudishwa

Hapa ndipo madodoso mengi hudanganya bila kukusudia, kwa sababu yana kisanduku cha "mzazi alikataa" na hayana cha "mzazi alirudishwa".

Chukua chanjo ya surua-rubela. Ni unga ndani ya kichupa cha dozi kumi. Muuguzi akishauchanganya na maji yake, una saa sita tu, kisha unamwagwa hata kama umebaki wa watoto tisa. Anaogopa kuulizwa upotevu, na friji yake haina akiba kubwa. Anapokuja mama mmoja na mtoto mmoja siku isiyo ya surua, jibu rahisi ni "njoo Alhamisi, wawe wengi". Mama huyo ameacha kibarua cha siku, amelipa bodaboda kwenda na kurudi. Alhamisi haji. Mwezi ukiisha amehama. Kwenye ripoti ataitwa mzazi asiye na mwamko. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi naunga mkono kwa moyo wote: dozi tisa zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto mmoja anayekwenda kuanzisha surua kwenye kambi ya watu mia nne. Kwa hiyo uliza kila mzazi: "Umewahi kwenda na mtoto akarudi bila kuchomwa? Ulielezwa nini?" Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Halafu nenda zahanati uulize upande wa pili, kwa heshima ileile. Siku gani wanachanja? Ni nani hushika zamu muuguzi wa chanjo akiwa likizo? Mafuta ya pikipiki ya huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo, yalikuja lini mara ya mwisho, na mkoba ulifika hadi wapi kwenye ramani yenu? Omba kuiona friji. Joto liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na daftari la joto lijazwe asubuhi na jioni. Tazama kibandiko kwenye chupa: mraba wa ndani ukiwa mweusi sawa na duara la nje, au kulizidi, dawa hiyo imeshakufa. Hukwenda kumkagua muuguzi na mwambie hivyo wazi. Mara nyingi atakuwa wa kwanza kukueleza kwamba maji ya friji yanamwagika umeme ukikatika na kwamba amekwisha kuandika barua.

Wapo pia wanaokataa kweli, na hao wasikilizwe hadi mwisho. Kwa HPV utasikia hofu ya ugumba. Hofu hiyo ilisikika Mwanza hata chanjo ilipojaribiwa mashuleni zamani, na haijaisha. Kwa UVIKO-19, iliyoanza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021, watu wanakumbuka vizuri kwamba maneno ya wakubwa yalibadilika ndani ya mwaka mmoja, na kumbukumbu hiyo ni halali. Na ukihitaji matone ya damu kwenye karatasi kupima kingamwili, habari za mumiani zitaamka. Usimkemee mtu. Eleza ni matone mangapi, yanakwenda maabara gani, yatatupwa lini, na uweke hayo kwenye fomu. Mdodosaji si mhamasishaji: ukianza kubishana katikati ya maswali, majibu yanayofuata yote ni ya kukuridhisha wewe. Maliza dodoso kwanza, kisha mpe majibu ya kweli aliyoyauliza.

Wale ambao dodoso la watoto haliwaoni

Chanjo ya HPV hutolewa zaidi mashuleni, na kwa mkoa mzima hiyo ni njia nzuri. Machimboni wapo wasichana wa miaka 12 au 13 wanaouza maji ya kunywa au kubeba sahani kwa mama lishe saa za masomo. Wapangie sampuli yao peke yao. Nao ndio walio kwenye hatari zaidi, hivyo uwe na mtu wa ustawi wa jamii wa kumpigia simu ukikuta binti anayetumiwa vibaya, kabla hujamkuta.

Kwa wanaume wa chini ya ardhi, BCG ya utotoni haiwalindi vya kutosha dhidi ya kifua kikuu cha mapafu, na vumbi la mawe hulainisha njia ya ugonjwa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupima makohozi, awe kwenye sampuli au asiwe.

Na swali moja la mwisho kwa wachimbaji ni kuhusu popo. Mlipuko wa Marburg, homa inayotoka kwa popo, uliotokea Durba, Kongo, kati ya 1998 na 2000, ulianzia kwa wachimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Goroumbwa wenye popo. Waliougua walikuwa 154, wakafa 128. Kitaka, Uganda, mwaka 2007, walioambukizwa walikuwa wachimbaji tena. Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa Biharamulo, ambako wachimbaji wa Geita huenda na kurudi kila wiki, na wote kumi waliohesabiwa walifariki. Chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake haipo, kwa hiyo kinga iliyopo ni mtu kutoa taarifa mapema. Waachie namba ya Wizara ya Afya, 199, isiyolipiwa.

Kabla ya kuaga

Kwenye fomu ya ridhaa, tangu mwanzo, ongeza mstari wa kuuliza kama mzazi anakubali jina la mtoto mwenye upungufu wa dozi lipelekwe zahanati. Wengi watakubali. Usisubiri uchambuzi ukamilike mjini: kila jioni tengeneza orodha ya waliokubali, jina la mtoto, dozi inayokosekana, banda namba ngapi kwenye ramani, simu ya mzazi na ya jirani, kwa sababu ya mzazi itazimwa. Mkabidhi muuguzi wa chanjo kwa mkono. Panga naye siku ya mkoba kambini kabla timu yako haijaondoka, na kama bajeti yenu ina mafuta yaliyobaki, yaende kwenye pikipiki hiyo. Ramani acha nakala mbili, moja kwa muuguzi na moja kwa mhudumu wa jamii, isiyo na majina, na uwaonyeshe jinsi ya kuongeza banda jipya. Matokeo yakitoka, rudi uyasome kwenye mkutano wa kijiji, na siku ileile upite jioni kwenye maduara, maana waliokupa majibu hawaendi kwenye mkutano wa saa nne asubuhi.